Kabla Pua Hajasema

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikokaa. Ghalani, shambani, hata dukani alikonunua sabuni, watu walimwita Pua. Si kwamba pua yenyewe ilikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida, imelala kidogo upande kwa sababu ya mlango uliomgonga utotoni. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi mkuu wa divai katika shamba la mizabibu nje kidogo ya mji, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna pipa lililotoka bila yeye kuinamisha kichwa juu ya bilauri, kuvuta pumzi, na kutamka. Akisema imekuwa, imekuwa. Akisema bado, hata mwenye shamba mwenyewe alifunga mdomo akasubiri.

Na kufunga mdomo ilikuwa sheria. Zamani mgeni mmoja aliingia ghalani, akanusa bilauri kabla ya mtu yeyote, akapaza sauti, "Aa, asali!" Basi kila aliyekuwepo akasikia asali. Pua naye akasikia asali, tena akaisifia. Divai ile ilipofunguliwa baadaye ikakutwa inanuka maji ya chombo kilichosahaulika na maua ndani. Pua aliona haya kiasi cha kushindwa kula siku ile, na kesho yake akapiga marufuku: mbele ya tangi, mtu asitamke neno la harufu kabla yeye hajasema. Asikunje uso, asitabasamu, asigune. Anayesikia chafya inakuja atoke nje akapigie chafya yake huko. Wafanyakazi wakazoea kusimama na bilauri zao, nyuso zimekauka kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho, wakingoja Pua aseme kwanza.

Aliyeishika sheria ile kuliko wote alikuwa msaidizi wake, mwanamke kijana waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Nje ya ghala angekupa habari za jirani yake, za paka wa jirani, na za mchumba aliyemkimbia jirani. Akivuka kizingiti, kimya. Pua alimchukua akiwa mwosha chupa, akamfundisha kunusa, akamfundisha kusubiri. Hakuwahi kumwambia kwamba alimwona ndiye atakayemrithi. Mambo kama hayo aliyaweka akiba, maana alikuwa mtu wa kuamini kwamba sifa zikitolewa mapema humharibu mtu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zikicheleweshwa humharibu vilevile.

Sasa, mzabibu. Nyuma ya chumba cha pampu palikuwa na mzabibu mkongwe ulioegemea ukuta, wa aina ileile iliyojaa shamba zima. Msimu mmoja tawi lake moja likaamua kufuata njia yake. Matawi mengine yalizaa vichala vinene kama kawaida. Hilo moja likazaa vichala vyembamba, punje ndogo kama njegere, nyeusi tii, na ukizipasua nyama yake ya ndani ni nyekundu, wakati zabibu za shamba lote zilikuwa na nyama isiyo na rangi. Pua alitia punje moja mdomoni, akasimama pale na mkasi wake wa kupogolea mpaka wakamwita chakula cha mchana mara ya tatu.

Alikata vipandikizi kutoka tawi lile. Vilipoota akakata vingine kutoka hivyo, mpaka pakawa na kipande kizima cha mteremko ambacho hakikuwa na baba wala mama. Lilikuwa tawi lilelile moja, limejirudia mstari baada ya mstari. Wapogoaji walikiita shamba la njegere la Pua. Kuna msimu ndege walimaliza zabibu zote, na mwingine mvua ya mawe ikazishusha chini. Pua alivumilia, kwa sababu alitaka kitu kimoja. Zabibu ikiwa bado zabibu haisemi mengi. Harufu yake ya kweli hutoka ikishachachuka, na harufu ya tawi lile hakuna mtu duniani aliyewahi kuisikia. Yeye ndiye angekuwa wa kwanza.

Mwenye shamba alikuwa mjane mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na mara nyingi aliitafuta ya tatu. Alimpenda Pua lakini hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwaka ule mizabibu ya tawi iliposheheni kiasi cha kujaza tangi zima kwa mara ya kwanza, alimwita varandani kwake.

"Fundi, nimekuvumilia," alisema. "Divai yake ikiwa nzuri, tunaipanda mteremko wote. Ikiwa si nzuri, tunaikata mizabibu yote na kuipandikizia aina ya kawaida. Mimi sina umri wa kungoja zaidi."

"Haki yako, mama," Pua akajibu, akatoka akitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kabla ya mavuno akapata mafua. Mafua ya kawaida, ya kupiga chafya na kunywa maji ya moto na kulalamika, na kwa kulalamika alikuwa hodari. Yakapita. Asubuhi moja alikuwa ameketi jikoni, mgongo kwa jiko, anasoma gazeti, mkewe akaingia mbio akampita na kuinua sufuria. Maziwa yalikuwa yameungua mpaka yakawa meusi, moshi umejaa chumba.

"Baba watoto, umekaa unangoja nyumba iungue?"

Pua alitazama moshi. Akavuta pumzi. Hakuna kitu. Mkewe, ambaye alikuwa dobi na hakuwa na subira na mambo yasiyoeleweka, alimletea kitunguu kilichokatwa, kisha kiatu cha mtoto wao mkubwa, kisha kitambaa chenye dawa ya kung'arishia mashuka. Dawa ilimtoa machozi. Pua ikakaa kimya.

Daktari alimulika tochi ndani, akasema mafua yameumiza neva, huenda harufu itarudi na huenda isirudi, na asiwe na wasiwasi. Ni rahisi kumwambia mtu asiwe na wasiwasi ukiwa na pua yako.

"Waambie kazini," mkewe alisema.

"Niwaambie nini? Kwamba Pua hana pua?"

"Waambie unaumwa. Watu huumwa."

"Seremala akikatika kidole kila mtu anaona kimekatika lini. Mimi nikisema, watajiuliza, huyu ameanza lini? Kila pipa nililolipitisha watalitilia shaka. Na mizabibu yangu je? Atakayesimama kuitetea ni nani?"

"Una msaidizi."

"Bado mdogo."

"Ulikuwa na umri gani wewe ulipoanza?"

Pua aliokota gazeti lake akalikunja. Aliogopa, hilo ndilo lililokuwepo, na woga wake ulikuwa na ujanja mwingi kuliko yeye mwenyewe. Ulimwambia kwamba ulimi wake bado unafanya kazi, na ni kweli, aliweza kujua tamu, kali, chungu, na ule ukwaruzaji wa maganda kwenye fizi. Ulimwambia kwamba masikio anayo, macho anayo, mikono anayo. Ulimwambia avute siku mbili tatu tu, harufu itarudi.

Mavuno yalimpa kichwa. Zabibu za tawi lile huwa nyeusi mapema sana, wakati ndani bado kabisa, na wavunaji walikuja kumsihi kila siku wakisema zimeiva, ndege watakula. Pua alitafuna mbegu. Mbegu mbichi inateleza chini ya jino na kuacha uchungu. Iliyokomaa inavunjika kama karanga ya kukaanga. Akawazuia mpaka mbegu zikavunjika. Alikuwa sahihi, wote wakasema Pua ni Pua, na yeye akaanza kufikiri kwamba pengine mtu anaweza kuishi hivi hivi. Zabibu zikapondwa, zikamiminwa kwenye tangi pamoja na maganda yake, hamira ikatiwa, na kabla ya siku kuisha tangi likaanza kuunguruma.

Asubuhi iliyofuata walipanda ngazi kama desturi, wakashindilia chini maganda yaliyoelea juu, Chiriku akachota, kila mmoja akapewa bilauri yake. Rangi ilikuwa nzito ajabu, hata kidole hakikuonekana ng'ambo yake. Pua aliinamisha kichwa. Akavuta pumzi ndefu, kama alivyofanya maisha yake yote, akangoja, na ndani ya kichwa chake hapakuwa na kitu chochote, palikuwa kama chumba kilichohamwa. Akainua macho kuwasoma wenzake. Nyuso zilikuwa kavu. Alikuwa amewafundisha vizuri mno.

"Safi," akasema.

"Safi," wakaitikia, wakamwaga mabaki, wakashuka.

Asubuhi ya pili akasema safi. Na ya tatu. Lakini sasa mambo madogo yakaanza kumnyima raha. Dereva wa trekta, ambaye siku zote alikula mchana wake akiegemea tangi kwa ajili ya ubaridi, alihamia chini ya bati la karakana. Madirisha ya ghala yakawa wazi bila yeye kuagiza. Wapondaji wawili aliwakuta wakinong'ona, walipomwona wakashika mifagio. Na Chiriku alinyamaza. Si ghalani tu. Alinyamaza hata nje, hata kwenye meza ya chakula, akaanza kuosha mipira ya kupitishia divai mara mbili, mara tatu, akiisugua ndani kwa brashi ndefu na kuinusa ncha zake.

Wamejua, Pua akawaza. Hakuna maelezo mengine. Wamegundua, wananicheka, wanangoja siku ya kunishitaki kwa mama mwenye shamba. Alijikuta anachungulia midomo ya watu kwa mbali. Chakula ambacho tayari hakikuwa na ladha sasa hakikupita kabisa. Na mtu mwenye woga akipewa mamlaka, shauri lake ni moja tu, kukaza zaidi. Akawakusanya.

"Sheria mnaijua," alisema. "Naona kuna minong'ono. Kuanzia leo, habari ya harufu isizungumzwe hata nje ya ghala. Nikishasema nimesema."

"Ndiyo, Mzee," wakasema.

Siku hiyohiyo Chiriku alimfuata kwenye ngazi. Alikuwa amekunja aproni yake mkononi.

"Mzee, samahani. Hili tangi…"

"Limefanya nini?"

"Nilitaka tu kuuliza kama wewe…"

"Nimesema nini asubuhi?"

Chiriku alimtazama. "Umesema safi."

"Basi."

"Ndiyo, Mzee," akasema, akarudi kwenye mipira yake.

Pua alipanda juu kabisa akashika ukingo wa tangi. Alijiambia ameponea chupuchupu. Mjinga yule, alikuwa amefukuzia mbali msaada uliokuja kwa miguu yake wenyewe, na akajipongeza.

Tangu tangi lianze kuunguruma mkewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua, na aliporudi alikuta mume amekonda na jiko limejaa vyombo. Pua hakumwacha hata afungue mkoba. Alimwekea mezani chupa ndogo aliyoileta kutoka kazini.

"Ninusie."

"Unajua siipendi hiyo harufu."

"Ninusie tu, mke wangu. Unieleze kwa maneno yako."

Mkewe aliketi juu ya tenga la nguo, akang'oa kizibo, na kabla chupa haijafika usoni akaisukumia mbali kwa mkono mzima.

"Umeniletea nini nyumbani kwangu? Yai viza!"

"Usiseme hivyo kama hujanusa vizuri."

"Hii haihitaji kunuswa vizuri, inakufuata yenyewe. Yai viza, na maji ya mtaro. Funga, funga!" Alikwenda kufungua dirisha. Aliporudi alimkuta mumewe amekaa vilevile, kizibo mkononi. "Na watu wako hawakukwambia?"

"Wananingoja mimi niseme."

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema safi."

Mkewe alikaa tena juu ya tenga, polepole. Pua alingoja acheke. Ingekuwa nafuu angecheka.

"Kwa hiyo kila asubuhi," alisema, "mnasimama pale watu wazima, uvundo umewajaa mpaka machoni, wewe unasema safi na wao wanasema safi."

"Ndiyo."

"Masikini watu wa watu."

Pua alijua kilichotokea, kichwa chake hakikuwa na mafua. Punje ndogo vile zina chakula kidogo cha hamira, na zikiminywa na maganda mengi vile, hamira hukosa pumzi. Ikikosa pumzi hutoa uvundo wa mayai. Divai za kawaida hazifanyi hivyo haraka. Ya tawi hili ilifanya, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitengeneza. Uvundo ule ukikamatwa mapema, unaipitisha divai kwenye hewa mara moja, umekwisha. Ukiachwa unajenga nyumba ndani yake. Na kuutoa baadaye ni kazi ya pua, hakuna njia nyingine: hewa kidogo ikizidi divai inakufa, ikipungua uvundo unabaki, na hakuna kipimo cha kuonyesha simama hapa. Alihitaji mtu wa kumwambia simama hapa. Alivaa viatu akatoka, chai aliyomiminiwa imebaki mezani.

Alimkuta Chiriku kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kabati lake lilikuwa wazi, na buti zake za mpira alikuwa anazitia kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Naacha kazi, Mzee. Nimeshamwambia mama mwenye shamba leo. Wewe nilikuwa nakutafuta."

Basi ni leo, Pua akawaza. Ameshasema kila kitu. "Umemwambia nini?"

Chiriku alisukuma buti ya pili mfukoni, haikuingia, akaitoa akaigeuza. "Nimemwambia siwezi kazi hii. Pua yangu imeharibika."

"Yako?"

"Nasikia mayai viza, Mzee. Kila asubuhi kwenye lile tangi, tangu siku ya pili. Wewe unasema safi, na mimi nimesimama pembeni yako nasikia mayai. Mwanzoni nikadhani ni mipira, nikaiosha. Si mipira. Nikaenda kwa daktari, akamulika, akasema haoni kitu. Nikawauliza wenzangu kwa siri, hakuna anayetaka kujibu, kila mmoja ananiambia Pua keshasema. Nyumbani nanusa mkate, nanusa sabuni, najiuliza, hivi huu ni mkate kweli?" Akaisukuma tena ile buti. "Ulinifundisha mwenyewe. Mtu asiyejua tofauti ya divai safi na yai, atafanya nini ghalani? Ataharibu kazi ya watu."

Pale pale woga ukamletea Pua zawadi yake ya mwisho, tena nzuri mno. Angeweza kusema: ni kweli, mwanangu, imebadilika mchana huu, hata mimi nimeisikia sasa hivi, njoo tuitibu. Ingetosha. Divai ingepona, mizabibu ingebaki, jina lake lingebaki. Na huyu angeendelea kuamini kwamba siku zote zile alikuwa amekosea, angekuja ghalani kila asubuhi akiiogopa pua yake mwenyewe. Alifungua kinywa kusema hivyo. Aliyaona maneno yamejipanga. Kisha akaitazama ile buti iliyokataa kuingia mfukoni, na mikono ya yule binti ikihangaika nayo, na akaona aibu ambayo ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Pua yako ni nzima," alisema. "Yangu ndiyo imekufa."

Chiriku hakuelewa.

"Sisikii harufu. Hata moja. Tangu yale mafua. Yale mayai yapo, umeyasikia sawasawa, na wenzako wote wameyasikia. Mimi ndiye niliyekuwa nasema uongo."

Anayetarajia kwamba Chiriku alilia, akamkumbatia mzee wake wakasameheana, hamjui. Alisimama, na buti aliyokuwa nayo aliipiga ukutani ikarudi ikaangusha kopo la kalamu.

"Nilipokuja pale kwenye ngazi," alisema, "ulikuwa unajua kwamba husikii?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia basi."

"Nikakwambia basi."

"Nimelala nikilia, Mzee. Mama yangu amenitafutia kazi ya duka."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite mwanangu sasa hivi." Aliokota buti, akaivaa, akavaa na ya pili. "Twende. Wewe utashika mpira. Na usiguse kitu mpaka nikwambie."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Walifungulia divai ikaanguka kutoka juu kwenye beseni pana, ikichapa na kutoa povu, wakairudisha tangini kwa pampu. Chiriku aliinama juu ya beseni, mikono mgongoni, na Pua alishika bomba akimtazama mdomo. Akisema tena, alirudia. Akisema simama, alifunga haraka kama mtu anayezima moto. Walilisha hamira. Walipoona uvundo umeganda, walipitisha divai juu ya kipande cha bomba la shaba lililosuguliwa, ambalo huvuta harufu ile, na hapo Chiriku alikuwa mkali zaidi, kwa sababu shaba ikizidi inatia sumu. Kesho yake wenzao wakaruhusiwa kusema, na ghala likageuka soko. Mmoja alisema mayai yamepungua sasa ni kiberiti, mwingine akasema kiberiti gani, hiyo ni soksi, na dereva wa trekta akasema kwa sauti kwamba yeye aliijua tangu siku ya kwanza ila alidhani ndiyo divai ya kisasa. Pua alicheka nao. Ndani hakucheka. Hakujua kama divai ilikuwa inapona au inakufa mikononi mwake. Alijua tu anachoambiwa, na kila alipoambiwa "bado" alikaza mikono upya kwenye bomba. Kwa mwenye shamba Chiriku alirudi kuomba kazi yake, akasema ilikuwa homa tu. Ya Pua hakuyasema. "Hayo utayasema mwenyewe," alimwambia.

Mayai yakaisha. Divai ikakamuliwa kutoka kwenye maganda, ikatulia kwenye mapipa, msimu wa baridi ukapita juu yake. Na siku ya mwenye shamba ikafika. Alikuja na fimbo na miwani zake zote mbili, akaketi kwenye kiti walichomletea, wafanyakazi wakasimama nusu duara, bilauri zikajazwa. Mazoea ni kitu kigumu: wote wakanyamaza, nyuso zikakauka, wakamgeukia Pua.

Pua aliiweka bilauri yake juu ya pipa bila kuinusa.

"Mama, mimi sisikii harufu," alisema. "Ilikufa kabla ya mavuno nikaficha. Divai hii ilivunda mbele yangu nikasema safi, siku baada ya siku. Aliyeiponya ni huyu. Nami karibu nimfukuze kazi bila kumfukuza."

Mwenye shamba alishusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya machoni, akamtazama kwa zote mbili. "Hayo tutayazungumza, na hutayapenda," alisema. "Kwanza divai. Ni nzuri?"

"Muulize yeye."

Chiriku alinusa. Alichukua muda wake, na Pua alimtazama kama mtuhumiwa anavyomtazama hakimu.

"Ni nzuri, mama," alisema mwishowe. "Ni safi kweli. Ina nguvu, ina pilipili manga kidogo, na zabibu kavu. Ukiipeleka popote hutaaibika. Lakini siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe kivipi?"

"Asubuhi ya kwanza, kabla ya mayai, nilipochota kule juu, ilitoka harufu nyingine. Mara moja tu. Sijawahi kuisikia kwenye divai yoyote wala mahali popote. Nilisimama nayo puani nikingoja Mzee aseme. Akasema safi, tukashuka. Niliporudi mchana ilikuwa imeshazama kwenye mayai, na tulipoyatoa mayai haikurudi."

Mwenye shamba aligonga fimbo yake sakafuni taratibu, akifikiri. "Basi hatukati mizabibu," alisema. "Tutavuna tena. Na atakayesema kwanza ni wewe." Kisha akanyanyuka, akamwambia Pua amfuate ofisini baada ya saa moja, na sauti yake haikuwa ya kumwita mtu kunywa chai.

Watu walitawanyika na bilauri zao. Pua alibaki pale kwenye pipa. Mizabibu yake imebaki, na kwa hilo alipaswa kufurahi, akajaribu. Chiriku alikuwa anakusanya bilauri kwenye sinia.

"Ile harufu," Pua akamwambia. "Ya asubuhi ya kwanza. Ilikuwa ya nini?"

Chiriku alisimama na sinia lake, akafumba macho akiitafuta. Akatikisa kichwa.

"Sikulijua jina lake, Mzee. Ndiyo maana nilikuwa nakungoja wewe."